Taa za Breki za Gari la Mama Sare

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa: kituo cha polisi, chumba cha upelelezi, tarehe 21 mwezi wa sita, kuanzia saa tatu asubuhi
Jina analofahamika nalo: Dada Testa
Umri: miaka 43
Kazi: fundi umeme wa magari
Makazi: chumba cha nyuma, ndani ya uwanja wa gereji iliyo mkabala na kituo hiki
Uhusiano na mwenye gereji: ndugu, baba mmoja mama mmoja

Mimi ni mtu mzima, nina akili zangu timamu, na natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Sikuitwa wala sikuletwa. Najua kaka yangu amekwisha kuandikisha ya kwake katika chumba hiki hiki, na najua alichosema kunihusu. Kwa hiyo, afande, nakuomba uandike ninavyosema, usinipunguzie na usinipambie.

Nafanya kazi ya umeme wa magari tangu nikiwa msichana. Wananiita Dada Testa kwa sababu testa, ile taa ndogo ya kupimia kama waya una moto, yaani umeme, haitoki mfukoni mwangu hata nikienda msibani. Aliyenifundisha kazi ni kaka yangu, mwenye gereji. Wateja humwita Daktari. Jina hilo alilistahili zamani. Siku hizi ni daktari wa kumziba mgonjwa mdomo asilie, kisha anamwambia amepona.

Marehemu alikuwa mshonaji wa sare za shule, ndiyo maana akaitwa Mama Sare. Duka lake liko mtaa wa pili kutoka gereji. Alikuwa mteja wetu, na kwangu mimi alikuwa zaidi ya mteja. Nguo zangu za kazi alinishonea yeye, mifuko minne upande wa mbele, kwa sababu alisema fundi mwanamke akiwa anainama kila mara kuokota spana, watu hawaangalii spana. Umeniambia nirudi kwenye gari. Narudi.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, siku ya Jumanne, majira ya saa nne asubuhi, Mama Sare alileta gereji gari lake dogo jeupe. Alitukuta mimi na kaka uwanjani. Alisema, "Dada Testa, hebu nitolee shetani humu ndani. Nikikanyaga breki mchana kweupe, dashibodi inawaka yote. Jana mjukuu wangu ameniuliza kama gari linacheka."

Nilimwomba akae kwenye usukani. Taa zote zilikuwa zimezimwa. Alipokanyaga breki dashibodi iliwaka kweli, na nilipozunguka nje nilikuta taa ndogo za mbele nazo zimewaka, na ile inayomulika namba ya gari. Alipoachia pedali zote zilizimika. Kisha nikamwambia awashe taa kama mtu anayesafiri jioni, asikanyage chochote. Nikaenda nyuma. Taa za breki zilikuwa zinawaka, kali kabisa, na mguu wake ulikuwa umetulia sakafuni. Nikamwambia akanyage. Hakuna kilichobadilika. Nikamwambia aachie. Hakuna kilichobadilika.

Naomba nieleze hapa taratibu, kwa sababu kesi yote iko hapa. Balbu ya taa ya nyuma ya gari lile ina nyuzi mbili ndani yake. Uzi mmoja ni wa mwanga hafifu, wa kuonyesha kwamba mbele kuna gari. Wa pili ni wa mwanga mkali, unawaka dereva akikanyaga breki. Kila uzi una njia yake ya umeme, na njia hizo hazitakiwi kukutana. Nilipofungua taa ya nyuma ya kushoto nilikuta balbu ya uzi mmoja mahali pa balbu ya nyuzi mbili. Balbu hizo haziingiliani. Vichomozi vyake vya ubavuni vimetofautishwa makusudi ili hata mtu aliyelewa asikosee. Hii ilikuwa imesagwa kichomozi kimoja kwa tupa mpaka ikakubali kuingia kwa nguvu. Kitako chake kililalia njia zote mbili, basi umeme wa breki ukawa unavuka kwenda kwenye taa ndogo na dashibodi, na umeme wa taa ndogo ukawa unavuka kwenda kwenye breki.

Kwa mtu aliye nyuma ya gari hilo maana yake ni hii. Mchana, taa zikiwa zimezimwa, breki ataiona. Jioni au kwenye mvua, taa zikiwashwa, taa za breki zinawaka muda wote, na dereva wa mbele akikanyaga breki, wa nyuma haoni tofauti yoyote.

Nilimuuliza Mama Sare nani alimwekea balbu ile. Alimtazama kaka kabla ya kunijibu. Alisema, "Si Daktari mwenyewe, ile wiki uliyolala na homa. Aliniambia za aina yangu hazipo dukani, akanipa hiyo inishikilie."

Nilimwambia kaka mbele ya mteja, na najua hapo ndipo nilipomkera, kwamba balbu itoke, na gari lisipite getini mpaka ipatikane ya nyuzi mbili. Kaka alicheka. Alisema, "Mteja amelalamikia dashibodi. Wewe umemsikia analalamikia breki?" Huo ndio wimbo wake. Kila mara anatuambia mteja halipii asichokiona. Nikamwambia asichokiona yeye kitamuumiza mwingine. Akaniambia nipunguze mdomo, kwamba mdomo wangu ndio ulioniacha bila mume. Mafundi wawili waliokuwa chini ya gari la jirani walicheka, na mimi nikanyamaza kwa sababu ya Mama Sare, nisimwaibishe kaka zaidi mbele yake.

Wakati huohuo ilipigwa simu kwamba gari la kusambaza mikate limezima barabarani na halina moto kabisa. Kaka aliniambia niende. Kabla sijatoka nilimshika Mama Sare mkono nikamwambia asiondoke bila balbu mpya. Alinijibu, "Mwanangu, nina vitambaa vya darasa zima vinanisubiri mezani. Daktari yupo, usiwe na wasiwasi." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kutoka kwake nikiwa nimemtazama usoni.

Nilirudi majira ya saa nane mchana. Gari jeupe lilikuwa limekwisha kuondoka. Nilimuuliza kaka, "Umebadilisha?" Alisema, "Nimemaliza." Nilimwamini. Ukitaka kuniuliza kwa nini sikumuuliza mara ya pili, ni kwa sababu huyo ndiye aliyenishikisha testa kwa mara ya kwanza, na siku ile aliniambia fundi haruhusu gari lenye breki mbovu kutoka getini hata kama ni la adui yake. Mtu aliyekufundisha kuogopa jambo, humdhanii kwamba yeye ameacha kuliogopa.

Mnamo tarehe 14, Jumamosi, mvua ilinyesha tangu alasiri. Ajali yenyewe sikuiona, na siwezi kuisemea. Nilichokiona ni gari likiletwa gereji na gari la kuvuta, giza likiwa limeanza kuingia. Kituo hiki hakina uwanja wa kuhifadhi magari ya ajali, na tangu nianze kazi magari hayo huwekwa kwetu, ng'ambo ya barabara. Simlaumu mtu kwa hilo, nalisema kwa sababu ndivyo ilivyo. Nyuma upande wa kulia gari lilikuwa limebonyea mpaka kufikia kiti. Upande wa kushoto ulisalimika, kioo cha taa kilikuwa kimepasuka tu. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na rundo la sare za bluu zimelowa, nyingine bado zina pini kwenye pindo.

Nilimuuliza yule wa gari la kuvuta mwenye gari amepelekwa hospitali gani. Alisema, "Hospitali ya nini tena, dada." Niliketi pale pale kwenye tope. Alinieleza kwamba Mama Sare alifunga breki kwenye tuta lililo karibu na shule, na lori la saruji lililokuwa nyuma yake halikusimama. Kaka alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake. Hakunijia. Wakati ule nilidhani majonzi yamemzidi.

Mnamo tarehe 15, Jumapili, saa moja asubuhi, nilitoka chumbani kwangu kwenda kuanika nguo. Nilimwona kaka amechuchumaa nyuma ya gari jeupe, upande wa kushoto, ana bisibisi mkononi. Jumapili kaka hafungui jicho kabla ya saa tatu, na nyumba yake iko mwendo wa kutosha kutoka gereji. Nilimwambia, "Kaka, hilo ni gari la polisi sasa." Alisema, "Naokota vioo, visije vikawakata watoto." Gari lilikuwa pembezoni kabisa, nyuma ya lundo la matairi mabovu, mahali ambapo hakuna mtoto anayefika. Niliyaona hayo yote na sikuyapa uzito kwa sababu nilikuwa nalia, na nguo zilikuwa zinaanguka mikononi mwangu.

Mnamo tarehe 16 alikuja mkaguzi wa magari. Alifanya kazi yake mbele ya macho yangu. Alileta betri kwa sababu ile ya gari ilikuwa imepasuka. Taa za kulia zilikuwa zimesagika, hakuna cha kupima. Ya kushoto aliiwasha, mwanga hafifu ukawaka. Akamwambia fundi akanyage breki, mwanga mkali ukawaka, akaachia ukazimika. Aliandika kwamba taa iliyosalia ilikuwa nzima. Alichopimishwa ndicho alichokiandika, na sina neno naye. Mvua ilikuwa imerudi, na kaka alisimama nyuma yake muda wote amemshikia mwavuli.

Mnamo tarehe 17 tulimzika Mama Sare. Kaka alipeleka viti na turubai, akavishusha mwenyewe kwa mikono yake. Alipopewa nafasi ya kusema machache alisema, "Madereva wa malori wanatumaliza." Watu waliitikia. Binti wa marehemu alimkumbatia akalilia begani kwake muda mrefu, na kaka alimpapasa mgongo kama baba. Naomba hilo liandikwe hata kama halina maana kwenye kesi.

Mnamo tarehe 18, Jumatano, saa tano asubuhi, alikuja gereji mwanamke nisiyemfahamu, ameshika chupa ya chai tupu. Alisema yeye ni mke wa dereva wa lori, ametoka hapa kituoni kumpelekea mumewe chai, na anaomba aonyeshwe gari. Hakuna aliyemwonyesha. Kaka alimwambia gari si maonyesho. Yule mwanamke hakuondoka, wala hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi siendeshi, sijui mambo ya magari. Mume wangu anasema hakulala na hakunywa. Anasema tangu alipoikuta ile gari ndogo barabarani ilikuwa na taa nyekundu kali nyuma, hazizimi. Akadhani huyo mama anaendesha mguu uko juu ya breki, wako madereva wa hivyo. Akazizoea. Ilipofika kwenye tuta ikasimama, yeye hakuona kitu kipya." Fundi mmoja alisema mumewe alikuwa usingizini, sasa anaota taa. Walicheka wote. Kaka hakucheka. Aliingia ofisini akafunga mlango.

Mimi niliacha nilichokuwa nafanya. Dereva anayetafuta uongo husema taa hazikuwaka. Kila siku tunawasikia. Hakuna anayetunga kwamba zilikuwa zinawaka mno. Maneno yale mtu hayapati mpaka awe ameyaona kwa macho yake. Nilimtoa yule mwanamke mpaka getini, nikamuuliza kama mumewe atapata dhamana. Alisema tajiri mwenye lori amekwisha kumweka dereva mwingine, na kwamba hajui pa kuanzia. Nilimwambia aende nyumbani. Sikumwahidi chochote, kwa sababu nilikuwa bado namtetea kaka moyoni mwangu, natafuta njia ya kumtoa.

Mafundi walipokwenda kula nilifungua taa ya nyuma ya kushoto. Ndani ya kikombe kinachoshika balbu kulikuwa na vumbi la miaka, na katikati ya vumbi hilo kulikuwa na balbu ya nyuzi mbili inang'aa, haina hata alama ya moshi. Kisha niliingia chini ya dashibodi. Waya unaolisha taa za dashibodi ulikuwa umekatwa kutoka kwenye njia yake ukaungwa kwenye waya wa taa kubwa za mbele. Kazi hiyo ina sababu moja tu. Dashibodi ikipata umeme kutoka kwenye taa kubwa, haiwezi tena kuwaka mtu akikanyaga breki mchana, hata kama nyuma kumeharibika vilevile. Maana yake, tarehe 3 kaka hakuigusa balbu. Aliikata dashibodi ulimi, Mama Sare akakanyaga breki, akaona giza, akashukuru, akaondoka na ugonjwa wake nyuma.

Kiungo hicho kiko hapo hadi sasa, nendeni mkakitazame. Waya umesokotwa kwa mkono ukafungwa tepu, na ncha ya tepu imekunjwa mara mbili ili iwe rahisi kuibandua. Ndivyo kaka anavyofunga, miaka yote. Mimi sisokoti, nachomea kwa risasi ya kuyeyushwa, na mafundi wote wa uwanja ule hunitania kwamba naunga waya kana kwamba natengeneza pete. Kila fundi ana mkono wake, na mkono ule si wangu.

Tuna mkebe wa maziwa ya unga tunaotupia balbu zilizotolewa. Niliumwaga wote juu ya gunia nikachambua. Balbu niliyoitoa kwenye holda tarehe 3 nikaitazama na kuirudisha, ile yenye kichomozi kilichosagwa kwa tupa, ilikuwemo. Uzi wake umevutika na kulegea, jambo linalotokea balbu ikipata kishindo ikiwa inawaka, basi ilikuwa bado garini siku ya ajali, na kaka aliitoa Jumapili ile ya bisibisi. Nimekuja nayo, ndiyo hii niliyoifunga kwenye leso.

Siku hiyo hiyo majira ya saa tisa niliingia ofisini kwa kaka nikaiweka balbu juu ya meza yake. Hakukana. Laiti angekana ningepata la kushika. Alisema, "Maji yakimwagika hayazoleki. Mama Sare harudi hata tukilia damu." Nikamuuliza, "Na yule aliye ndani?" Alisema, "Yule ana tajiri wake, atamtoa." Nikamwambia tajiri amekwisha kumsahau. Alisema kwamba gereji inalisha watu kumi na mmoja na kwamba mimi ni mmoja wao. Akanyoosha mkono kuichukua balbu. Nilimtangulia.

Mnamo tarehe 20, jana Ijumaa, saa kumi na moja jioni, niliitwa nyumbani kwa kaka. Nilimkuta yeye, wifi yangu na mama yetu mzazi. Watoto walikuwa wametolewa nje. Mama alinikalisha karibu yake akanishika mkono. Alisema, "Mwanangu, bora nusu shari kuliko shari kamili. Yule wa lori hata jina lake hulijui. Huyu mmenyonya ziwa moja." Nilimwambia mama najua nilikonyonya. Nilimwambia pia kwamba Mama Sare alikuwa rika lake, na kwamba vitambaa vya meza vilivyokuwa sebuleni mle alivishona yeye. Mama aliviangalia, akaendelea kunishika mkono.

Ndipo kaka aliponiambia kwamba amekwisha kutoa maelezo hapa kituoni, na kwamba amesema umeme wa magari yote ya gereji ni kazi yangu, na gari la Mama Sare nililishughulikia mimi. Alisema, "Ni kweli, si kweli? Umeme si wako?" Alisema ikibidi atanitafutia wakili mzuri. Alisema mwanamke hawamshikilii sana, tena ni balbu tu, uzembe mdogo. Aliongea kama anayenipangia safari.

Nilimuuliza kwa nini mimi. Aliyejibu ni wifi, na nitasema ukweli kwamba alijibu kwa upole. Alisema, "Wifi, usinichukie. Mimi nina wanne. Wewe ukiingia ndani, nani atalala njaa?"

Nilimtazama mama. Nilisubiri. Alikuwa anachomoa uzi kwenye upindo wa nguo yake. Hakusema ndiyo. Lakini mama yangu ana sauti ya kutuita sote tukiwa mtaa wa tatu, na jana sauti hiyo haikutoka. Niliutoa mkono wangu mkononi mwake na nikasimama. Kaka alisema, "Fikiria usiku kucha." Nikamwambia hakuna haja.

Nimeishi chumba cha nyuma cha uwanja ule tangu baba alipofariki. Niliposwa nikakataa kwa sababu mama alikuwa anaumwa na kaka alikuwa ndio kwanza anaanza gereji, hana fundi wa umeme. Watoto wake wote wanne nimewabeba mgongoni. Nilidhani naishi kwetu. Kumbe nilikuwa tairi la akiba, linatunzwa kwa ajili ya siku moja. Ninayo hasira, na siifichi. Lakini hasira hiyo ni ya jana, na yaliyokuwa kwenye gari ni ya tarehe 3, na usiyachanganye, kwa sababu watakuja kukuambia kwamba nimesema haya kwa kulipiza.

Sina undugu na dereva wa lori. Sijawahi kumwona. Sijapewa kitu na mkewe wala sijaomba. Sisemi hana kosa lolote. Kama alikuwa amesogea mno karibu na gari la mbele, hilo mtalipima ninyi. Ninachosema ni kwamba aliposema hakuona breki, alisema kweli, na watu waliomcheka walikuwa wamesimama mita chache kutoka kwenye balbu.

Umeniuliza kama naelewa kwamba mkono wa sheria unaweza kunifikia na mimi, kwa kuwa nililiona kosa tarehe 3. Naelewa. Niliyoyafanya siku ile nimeyasema, na kama hayakutosha mtaniambia. Umeniuliza kama nampenda kaka yangu. Sijui swali hilo liko kwenye fomu gani, lakini nampenda. Ndiyo maana imenichukua tangu Jumatano kuvuka barabara ambayo kwa kawaida naivuka nikiwa natafuna kitu. Umeniuliza nitalala wapi leo. Hilo sijalifikiria.

Niliyosema ni yale niliyoyaona, niliyoyashika na niliyoambiwa nikiwa nasikia. Nimesomewa yote, na mahali ulipoandika "mwenye gereji" nilikuomba urudishe "kaka yangu", nawe umerudisha. Haya ndiyo maelezo yangu, na nitayasema vilevile popote nitakaposimamishwa.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA OFISA

Maelezo haya yamechukuliwa nami kwa lugha anayoielewa shahidi, akasomewa, akayakubali na kutia sahihi mbele yangu. Nimepokea kutoka kwake balbu moja ya uzi mmoja, kichomozi kimoja kimesagwa, ikiwa ndani ya leso nyeupe. Nimeagiza gari lililohusika liondolewe gereji leo hii na liwekwe chini ya ulinzi, na waya ulio chini ya dashibodi upigwe picha kabla haujaguswa. Jalada la dereva wa lori nimelirudisha kwa mkuu wa upelelezi ili litazamwe upya.

Katika fomu ya shahidi, sehemu ya ndugu wa karibu wa kuarifiwa endapo atapatwa na jambo lolote, shahidi alitaja kaka yake. Nilipokwisha kuandika aliniomba nikate, nami nikakata. Nilimuuliza kama nimwandike mama yake. Alitikisa kichwa kukataa. Nilimuuliza nimwandike nani. Alisema niendelee na sehemu inayofuata. Sehemu hiyo haijajazwa.